Sisimizi wa Jumatatu

Dina Hoeksema alifua Jumatatu. Mama yake alifua Jumatatu, bibi yake alifua Jumatatu, na wanawake wote wa barabara ile, kuanzia kanisani mpaka kwenye mabanda ya kuku ya akina Brower, walifua Jumatatu. Jumanne ilikuwa ya pasi. Jumamosi walioka na kupiga deki, ili Jumapili mtu asishike kitu zaidi ya kitabu cha nyimbo na kijiko.

Kwa hiyo sisimizi walipoanza kumtembea vidoleni, mwezi wa Oktoba, walianza siku ya Jumatatu, na yeye hakuona ajabu yoyote katika hilo. Alikuwa kwenye kichumba cha kufulia kinachopakana na gereji. Mkono mmoja ulikuwa ndani ya mashine ya kufulia, ukivuta shuka zilizolowa. Wa pili alikuwa ameuegemeza kwenye mashine ya kukaushia, iliyokuwa ikizunguka na nguo za mkupuo wa kwanza. Mara akahisi vidole vimejaa sisimizi. Akavitazama. Vilikuwa vidole vyake vilevile, vyekundu kwa maji. Akavikung'uta, na sisimizi wakaondoka. Jumatatu iliyofuata wakarudi, na iliyofuata tena.

Hakumwambia mtu. Mama yake alianza hivyo hivyo. Kwanza vidole vilichezacheza, kisha vikafa ganzi, kisha mama akashindwa kufunga vifungo vya gauni, na mwisho Dina alikuwa akimlisha uji kwa kijiko, miaka na miaka, mpaka Mungu alipomchukua. Daktari wa wakati ule alisema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, na kwamba hupita katika ukoo. Dina hakusahau neno hilo. Na Dina ndiye aliyekuwa akipiga kinanda kanisani tangu alipokuwa msichana wa misuko miwili ya nywele.

Nyumbani kwao, kila baada ya kula, mumewe Garrit alisoma sura ya Biblia, kisha wote wawili wakainamisha vichwa na kukaa kimya kidogo, kila mtu na maombi yake. Majira yote yale ya baridi, katika kimya hicho Dina aliomba kitu kimoja tu: Bwana, niachie mikono. Kisha aliona haya, maana kuna watu wanaoomba mkate, akaongeza: kama ukipenda. Mwezi wa Februari alipiga simu kwa siri na kupewa nafasi ya kumwona daktari, Jumanne ya wiki inayofuata. Garrit akadhani anapiga simu kwa dada yake.

Garrit alikuwa amestaafu kutoka kiwanda cha samani, lakini mikono yake haikukubali kustaafu. Gerejini alisimamisha lifti ya magari: nguzo mbili za chuma zilizofungwa kwa boliti kwenye sakafu ya zege, na mikono minne inayonyanyua gari mpaka mtu akasimama wima chini yake. Kila Jumamosi alitengeneza magari ya wajane wa kanisa, bila malipo. Hiyo ndiyo ilikuwa sadaka yake, na alijivunia kidogo zaidi ya inavyofaa.

Lifti inataka umeme mwingi, kama mashine ya kukaushia nguo. Garrit alipoinunua hakuona haja ya kumwita fundi avute laini mpya kutoka kwenye kabati la swichi. Soketi kubwa ya ile mashine ilikuwa hapo hapo, upande wa pili wa ukuta. Akatengeneza kisanduku cha mbao, kikapigwa msasa na vanishi, chenye matundu mawili, moja la mashine na moja la lifti.

"Wewe una Jumatatu, mimi nina Jumamosi," alimwambia Dina siku ile. "Hatutakutana kamwe. Fundi wa nini?"

Na kweli, kwa miaka mingi hawakukutana.

Wakakutanishwa na msiba. Ijumaa alizikwa mzee Lubbers, na baada ya maziko watu walikula mikate ya nyama ya nguruwe na kunywa kahawa kwenye ukumbi wa kanisa, kama kawaida. Vitambaa vyote vya meza vilitapakaa mafuta. Jumapili kulikuwa na mhubiri mgeni na kahawa nyingine baada ya ibada. Vitambaa vilikuwa zamu ya Dina. Hapakuwa na njia: ilibidi afue Jumamosi.

Garrit alimwona akipita na kapu, akaacha kula.

"Jumamosi? Mama yako akifufuka akakuona, atarudi kaburini mwenyewe."

"Akifufuka ataanza kwako," Dina akasema. "Atakukagua shingo kama umeiosha."

Garrit akaigusa shingo yake, akaenda gerejini akicheka.

Siku hiyo kulikuwa na gari la Fenna Zylstra. Fenna alikuwa ametimiza miaka themanini na bado alifika kanisani kabla ya mtu yeyote, akaegesha mlangoni kabisa. Breki zake zilikuwa zinalia. Garrit akaliingiza gari ndani, lina theluji mpaka kwenye taa, akalipandisha juu na kuliacha likae kwenye vyuma vya kufungia. Theluji ikaanza kuyeyuka na kudondoka, na sakafu yote ikalowa.

Dina alitia mkupuo wa kwanza wa vitambaa kwenye mashine ya kukaushia, akaiwasha, akamimina kahawa vikombe viwili na kuvipeleka gerejini. Garrit alikuwa chini ya gari, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Dina akaweka vikombe juu ya meza ya kazi, na ili asiteleze akaishika nguzo ya lifti.

Sisimizi wakamjia. Safari hii walipanda mpaka kwenye kifundo cha mkono.

Akaiachia nguzo, akausimamisha mkono hewani kama kitu cha mtu mwingine. Leo si Jumatatu, alijiambia. Zamani ilikuwa Jumatatu tu. Sasa imeanza kuja siku yoyote. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama: ilianza kwa siku chache, kisha ikawa kila siku. Akaona benchi la kinanda na mtu mwingine amekaa.

"Mbona umesimama hivyo?" Garrit akauliza.

"Hakuna kitu. Kahawa itapoa."

"Kahawa yako haijawahi kupoa. Naipuliza mpaka Jumapili." Garrit akaenda kwenye sinki la chuma lililokuwa pembeni, akanawa kwa sabuni ya mchanga, akafunga bomba kwa mkono wa kushoto. Taulo lake, kama siku zote, lilikuwa limetundikwa kwenye mkono wa lifti. Akanyoosha mkono wa kulia kulichukua, mkono wa kushoto ukiwa bado kwenye bomba.

Dina hakusikia mlio wowote. Alimwona tu mumewe akijikunja, kofia ikaruka, na Garrit akawa amekaa sakafuni majini, miguu imenyooka mbele kama mtoto anayecheza na vijiti.

"Garrit."

"Niko." Alikuwa amekodoa macho. "Niko, niko. Usiniguse kwanza." Akavuta pumzi. "Nimepigwa shoti."

"Moyo unakwenda?"

"Unakimbia. Lakini unakwenda." Akakunja vidole, akavikunjua. "Angalia mkono huu. Kama umejaa sisimizi."

Dina akasimama pale pale.

"Umesema nini?"

"Sisimizi. Sisimizi wa moto, wanatembea mpaka begani."

"Kwenye ncha za vidole?"

"Ndiyo, kwenye ncha za vidole. Sasa unataka majina yao?"

Dina akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia kwa kuziba mdomo na aproni, lakini kicheko kikatoka pembeni, na nyuma yake yakaja machozi, akashindwa kujua anafanya kipi. Garrit alikaa kwenye maji ya theluji akimtazama.

"Nusura nife hapa, mama, na wewe unacheka."

"Sikucheki wewe."

"Basi unamcheka nani? Tuko wawili tu."

"Nyamaza, usiguse kitu," Dina akasema, na sauti yake ikawa ile anayotumia kwa watoto wa shule ya Jumapili. "Usishike nguzo wala bomba wala gari. Nyanyuka taratibu uje huku kwenye mlango wa mbao."

Garrit akaja. Dina akavua viatu vilivyolowa, akavaa mabuti ya mpira ya bustanini, akapangusa mikono mpaka ikakauka kabisa, akashuka chini ya nyumba kulikokuwa na kabati la swichi. Aliijua swichi ya mashine ya kukaushia kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeibandika karatasi. Akaishusha kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa nyuma ya mgongo. Hakujua kwa nini, alisikia tu mahali fulani kwamba ndivyo inavyofanywa. Juu, mashine ikanyamaza.

Alipopanda ngazi alimkuta Garrit jikoni, ameshabadilisha suruali na ameshika bisibisi.

"Unakwenda wapi na hiyo?"

"Nafungua kisanduku. Waya mmoja utakuwa umelegea. Naukaza, unawasha dakika moja, nashusha gari la Fenna. Kesho anataka kwenda kanisani."

"Hakuna kuwasha."

"Dina. Dakika moja."

"Hakuna."

"Lifti ni yangu, kisanduku ni changu, na aliyepigwa ni mimi."

"Si wewe peke yako," Dina akasema.

Ndipo alipomwambia. Alimwambia akiwa amesimama kwenye ngazi na mabuti ya mpira, bila kupanga maneno. Kwamba tangu Oktoba, kila Jumatatu, vidole vyake vilijaa sisimizi kwenye mashine ile. Kwamba alidhani ni ugonjwa wa mama. Kwamba Jumanne alikuwa na nafasi kwa daktari. Kwamba Jumapili zote hizo, kila alipomaliza wimbo wa mwisho, aligusa vibao vya kinanda mara moja zaidi, kwa kuviaga.

Garrit alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaitazama bisibisi, akaiweka juu ya kikaushio cha vyombo, katikati ya sahani, mahali ambapo siku nyingine Dina asingeiruhusu.

"Kisanduku changu," akasema.

"Ndiyo."

"Miezi yote hiyo nimekaa mbele yako mezani."

"Sikukuambia, Garrit. Ungejuaje?"

Akaenda kwenye simu akampigia Tryna.

Tryna alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake Dina, fundi umeme mwenye leseni, mwanamke mpana wa mabega mwenye kucheka taratibu. Alikuja kabla ya chakula cha mchana. Alishuka kwanza kwenye kabati la swichi, akaitia ile swichi kufuli jekundu, akaweka ufunguo kwenye mfuko wa shati.

"Ufunguo nakaa nao mimi, mjomba."

"Hii nyumba yangu, Tryna."

"Na huyu shangazi yangu."



Tryna akapima kwa mita yake mpaka akaridhika kwamba umeme umekufa kila mahali, ndipo akakifungua kisanduku. Akakishika kwenye mwanga.

"Umetengeneza mwenyewe?"

"Kinaonekana vibaya?"

"Kinaonekana kizuri kuliko kabati la jikoni kwangu. Ndiyo maana kimekaa miaka yote hii bila mtu kukishuku." Akawaita wote wawili wasogee. "Tazameni. Soketi hii ni ya zamani, ina waya tatu. Mbili zinaleta umeme, moja inaurudisha. Waya wa ethi, ule unaokwenda ardhini kwa ajili ya usalama, haupo kabisa. Zamani ilikuwa kawaida, bati la mashine linafungwa kwenye waya wa kurudi. Sasa mjomba umeleta lifti. Lifti inataka ethi. Ulipokosa ethi ulifanyaje?"

"Niliunga kwenye ule wa kurudi," Garrit akasema polepole.

"Uliunga kwenye ule wa kurudi. Na waya wenyewe huu hapa." Akaugusa kwa ncha ya bisibisi, ukatoka kwenye skrubu yake bila kuvutwa. Ulikuwa umeungua, mweusi. "Umekuwa unalegea kidogo kidogo. Shangazi akiwasha mashine, umeme unaingia, unazungusha pipa, unataka kurudi, njia mbovu. Basi unapanda kwenye bati la mashine na kwenye nguzo zako, unasubiri mtu wa kuupitisha. Nguo zikizunguka, lifti yako ina umeme hata kama imezimwa."

"Jumatatu siko gerejini."

"Na Jumamosi shangazi hafui. Ndiyo. Mmejikinga kwa ratiba." Tryna akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Leo waya umekaribia kuachia kabisa. Mjomba, mkono mmoja kwenye bomba na mwingine kwenye chuma, umeme unapita kifuani. Ulitupwa ukaachia. Wengine hunata."

Maji yaliendelea kudondoka kutoka kwenye gari la Fenna.

"Na gari?" Garrit akauliza mwishowe.

"Limekaa kwenye vyuma vya kufungia?"

"Vyote."

"Basi halishikiliwi na umeme wala mafuta ya pampu. Linaweza kulala huko mpaka parapanda ilie. Lakini kulishusha lazima kwanza linyanyuliwe kidogo litoke kwenye vyuma, na mota haiwashwi leo wala kesho. Lifti itapata laini yake peke yake kutoka kwenye kabati, swichi yake, waya wa ethi mpaka mwisho. Karibu na nguzo naweka swichi ya kuzimia inayofungwa kwa kufuli. Mashine ya shangazi inapata soketi mpya ya waya nne. Soketi za karibu na sinki naziwekea kile kidude kinachokata umeme kabla hujasema aa. Kibali nitakiomba Jumatatu asubuhi, na mkaguzi anakuja kutazama kabla hatujawasha. Na taulo, mjomba."

"Taulo limefanya nini?"

"Litundike ukutani, mbali na sinki."

Garrit akalichukua taulo kwa vidole viwili.

Jumapili walimpitia Fenna na gari lao. Alitoka amevaa kofia, akatazama nyuma yao barabarani.

"Gari langu liko wapi?"

"Liko juu, Fenna," Garrit akasema.

"Juu?" Fenna akapanda, akafunga mkanda. "Mimi nilidhani ndiye nitakayetangulia."

Asubuhi ile Dina alikaa kwenye kinanda, akanyoosha vidole juu ya vibao, na kabla hajajua anafanya nini zaburi ya kwanza ikaondoka mbio kama ndama waliofunguliwa zizi. Watu walioizoea kwa mwendo wa kutembea wakajikuta wanakimbia. Kwenye ubeti wa tatu wazee wa kanisa wakawa wanakamata pumzi mahali popote wanapoipata. Mhubiri mgeni alitabasamu, akidhani ndiyo desturi ya huko. Wakati wa mahubiri, peremende zilipopitishwa kwenye viti, Fenna alimnong'oneza Garrit, "Mkeo amekunywa nini?" Garrit akasema, "Kahawa," na akalazimika kutoa kitambaa akajifuta macho.

Jumatatu ilikuwa ya kufua, umeme wa kukaushia usiwepo. Vitambaa vya kanisa vilikuwa vimetandikwa vikiwa na unyevu bado, vikarudi na madoa mapya. Garrit, bila kuombwa, alifunga kamba kutoka nguzo moja ya lifti mpaka ya pili, kwa sababu chuma kile sasa kilikuwa chuma tu, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Tryna. Akasimama kichumbani kando ya mkewe.

"Fanya kama unavyofanya siku zote," akasema.

Dina akatia mkono mmoja kwenye nguo zilizolowa, na wa pili akauegemeza kwenye mashine ya kukaushia. Wakangoja. Garrit alikuwa ameshika pumzi; Dina aliisikia ilipokosekana.

"Je?"

"Baridi," Dina akasema. "Baridi tu."

Wakazianika shuka chini ya gari la Fenna, Garrit akishika pembe mbili na yeye mbili.

Kwa daktari walikwenda hivyo hivyo siku ya pili, maana Garrit alishikilia. Daktari alimchoma Dina ncha za vidole kwa kisindano, kimoja kimoja, na kwa kila kimoja Dina alisema "aa" kwa furaha iliyomshangaza daktari. Mikono yote miwili ilikuwa mizima. Garrit naye akapimwa moyo, akaambiwa unapiga vizuri na kwamba asirudie.

Tryna alifanya kazi yake jioni kadhaa, na Garrit akamshikia taa bila kutoa ushauri, jambo lililomchosha kuliko kubeba magurudumu. Mkaguzi akaja, mtu mkimya mwenye viatu safi, akafungua, akapima, akabandika karatasi yake kwenye kabati. Ndipo Tryna akatoa kufuli jekundu na kumpa Garrit, pamoja na ufunguo.

"Sasa ni lako. Ukiitengeneza lifti, unazima, unafunga, ufunguo mfukoni. Si juu ya meza."

Dina akaenda kuwasha mashine ya kukaushia. Ikazunguka ikiwa na soksi za Garrit. Tryna akagusisha mita yake kwenye nguzo na kwenye sinki, akawaonyesha: sifuri. Garrit akabonyeza kitufe, lifti ikanguruma, gari la Fenna likapanda kidogo, vyuma vikaachia, likateremka polepole mpaka magurudumu yakagusa zege. Kwa mara ya kwanza Jumatatu na Jumamosi zilifanya kazi pamoja.

Dina akakausha mkono kwenye aproni, akakiweka kiganja kizima kwenye nguzo. Akakiacha hapo muda mrefu.

Jioni walikula supu ya njegere. Garrit akasoma sura, akafunga Biblia, wakainamisha vichwa. Kimya kikaja. Garrit alimaliza yake, akangoja. Kahawa iliacha kutoa mvuke. Akafungua jicho moja, akamwona mkewe bado amefumba macho, vidole viko juu ya meza, kimoja kikigonga baada ya kingine.

"Hujamaliza?" akanong'ona.

"Bado," Dina akasema, bila kufumbua macho. "Nashukuru kimoja kimoja. Niko kwenye dole gumba la kushoto."

Garrit akafumba jicho, akangoja.